Ringi sita, jeki ya lori na mzee wa Gerezani: karakana ya kukunja chuma nilivyoiona

Wakuu habari za mvua. Juzi kuna jamaa alikuja kuchukua saikloni yake hapa kwangu Kimara, akawa anaizunguka anapapasa maungio kwa kidole, afu akaniuliza hizi ringi unatoa wapi mbona zimekaa duara kama za kiwandani. Nikamwambia hiyo stori ndefu, ntaiandika. Leo barabara imejaa maji, wateja hawaji, basi naandika.

Natoa Gerezani, kwa mzee mmoja mwenye karakana ya kukunja chuma. Haina bango wala namba ya mlango, ukishuka mwendokasi kituo cha Gerezani ukafuata kelele za nyundo utafika tu, we uliza kwa mzee wa jeki. Nimeshaenda kwake kama mara saba ndani ya mwaka na nusu kwa hiyo sisemi kitu nilichokiona siku moja.

Kwa asiyejua, saikloni ni lile pipa lenye kitako cha koni linalokaa juu ya mashine ya kusaga, upepo na unga vinaingia ubavuni vinazunguka kwa kasi, unga unasukumwa ukutani unashuka kwenye mfuko, upepo unatokea juu. Pipa lenyewe halichomelewi lote moja kwa moja, linafungwa vipande vipande kwa bolti ili siku ukitaka kusafisha ulifungue, na kila kiungo kinataka ringi mbili za engo laini (kile chuma chenye umbo la L) zinazotazamana, katikati unaweka mpira. Sasa ringi ikijipinda kidogo tu, unga unapenya palepale, chumba cha mashine chote kinakuwa cheupe, na anayepigiwa simu saa moja asubuhi ni mimi.

Kabla sijamjua huyu mzee nimeteseka. Karakana ya kwanza niliyokuwa naenda, siitaji, walikuwa wanachana ubavu mmoja wa engo kwa grenda kila baada ya sentimita tano, wanaikunja kwa mkono kwenye ngoma ya lori, zile nyufa zinafunguka, afu wanazijaza kwa kuchomelea moja baada ya nyingine. Siku moja nilihesabu, ringi ya milimita 600 ilikuwa na nyufa 37. Hapo hujapewa duara, umepewa kitu chenye pembe 37. Na ule moto wa kuchomelea mara 37 upande mmoja unavuta chuma, ukiiweka sakafuni inacheza kama kiti cha baa chenye mguu mfupi. Nikalalamika, nikaambiwa "ukikaza bolti itakaa bosi". Haikukaa.

Kuna njia ya kukata kwenye pleti kwa plasma ya kompyuta. Ile inatoka duara huna la kusema, ila piga hesabu kwanza. Tuseme unataka ringi bapa ya milimita 6, ndani 600 nje 700. Inabidi ukate kwenye mraba wa 700 kwa 700, huo mraba una uzito wa kilo 23 na ushee, ringi yenyewe ikitoka ina kilo 4.8. Yaani umelipia kilo 23 unaondoka na tano kasoro, na lile duara la katikati usipolidai kwa sauti linabaki hapohapo kwao. Ringi ileile ukiikunja kutoka kwenye fleti baa (chuma bapa) ya 50 kwa 6, unahitaji kipande cha mita 2 na sentimita 4 hivi, kilo 4.8, hakuna cha kutupa zaidi ya vincha. Kukata pleti kunalipa kama unataka ringi nene au pana sana, au mbili tu za haraka. Zaidi ya hapo unamlisha muuza chuma.

Na kuna wale wa moto, wanachoma engo kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu wanaibembeleza kwenye duara la chuma kwa nyundo. Hawa nawaheshimu, ni ufundi wa kweli, lakini kila saizi inataka kalibu yake. Mteja wako akisema 550 badala ya 600, kalibu hakuna, unaanza upya.

Na hapo ndo ubora wa mzee wa jeki unapoanzia, yeye hana kalibu hata moja. Ana rola tatu. Mbili zipo chini zinazunguka, ya tatu ipo juu katikati inakandamiza, chuma kinapita kati kinakunjika kidogo, kinarudi, kinakunjika tena kidogo. Kinachokandamiza rola ya juu ni jeki ya lori ya tani 20, ndo jina lake lilipotokea. Ukitaka ringi ndogo anapampu zaidi, ukitaka kubwa anaachia, basi. Mashine hiyohiyo asubuhi imetoa ringi ya tanki la maji, mchana inatoa duara la geti la mtu wa Mbezi, jioni ringi zangu. Amezichonga rola zenyewe kwa fundi wa kukereza, zina mifereji, mguu mmoja wa engo unaingia kwenye mfereji unabanwa humo. Bila ule mfereji engo hailali, maana mguu unaotazama nje unavutwa unarefuka na ule mwingine hauna haja ya kurefuka hivyo, kwa hiyo chuma chote kinataka kujisokota kama kamba.

Siku ya kwanza nimefika nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Umeleta nini?"

"Nataka ringi sita mzee, engo ya 40 kwa 4, ndani 600, mguu utazame nje."

"Bati la pipa umeshalikunja?"

"Bado."

"Basi fanya 580."

Nikajua huyu ananipangia kazi yangu. Nikamuuliza kwa nini, akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa bati. Mnisome vizuri hapa maana hili ndo lililonifanya niwe mteja wake. Urefu wa engo unaohitaji haupimwi kwa kipenyo cha ndani wala cha nje, unapimwa kwenye ule mstari ndani ya chuma ambao ukikunja haurefuki wala haujibani. Kwa engo ya 40 kwa 4, yaani mguu milimita 40 unene 4, mstari huo upo kama milimita 11 kutoka mgongoni. Kwa hiyo ringi ya 600 unachukua 600 ukajumlisha 22, ukazidisha kwa ile 22 kwa 7 ya shule, unapata kama milimita 1955. Engo moja ni mita 6. Tatu zinakula 5865, inabaki sentimita 13.

Nikamwambia si zinatosha mzee? Akacheka. Rola za chini zimeachana sentimita 26. Chuma kikiingia, kile kipande cha mwanzo na cha mwisho, kama sentimita 13 kila upande, rola hazikishiki sawasawa kinabaki kimenyooka. Yaani mwanzo na mwisho wa engo ni wa kutupa, na ringi ya tatu ingekuwa na uso bapa kama tairi lisilo na upepo. Sasa fanya 580, ringi moja inakula 1892 hivi, tatu ni 5680 ukihesabu na vumbi la grenda, ukitoa zile 26 za kutupa bado kuna kama sentimita sita mkononi. Engo mbili, ringi sita. Kwa 600 ningenunua engo tatu. Na saikloni ya 580 na ya 600 kwenye mashine ya kawaida ya mtaani unga haujui tofauti.

Mtu hajanijua, hajanidai hata mia, ameniokolea engo nzima ya kilo 14 na nusu. Niambieni fundi gani wa mjini hapa anakushauri ununue chuma kidogo.

Sema pimeni engo dukani kabla hamjabeba, siyo zote zina mita 6 kamili na siyo kila ya 4 ni 4, mi nimeshakuta 3.6 kwenye kalipa, kile kipimo cha unene. Ikiwa fupi hiyo hesabu yote inaanguka.

Afu hazikunji moja moja. Hili nilikuwa silijui kabisa. Aliingiza engo nzima ya mita 6, akawa anaipeleka na kuirudisha, vijana wawili wameshika mkia usiangukie watu, kila ikienda na kurudi anapampu jeki mara mbili, ikawa inajikunja inapanda juu kidogo kidogo kama springi, mzunguko juu ya mzunguko mpaka mitatu. Ana nusu duara la plaiwudi amekata kwa kipimo cha 580, anaigusisha kwa ndani, anachungulia mwanga. Mwanzoni mwanga ulikuwa unaonekana kwenye ncha mbili, akasema bado. Pampu moja. Bado. Akapampu tena nusu, plaiwudi ikakaa, mi nikasema tayari, akasema bado ngoja niachie. Akalegeza jeki, ile springi ikajifungua mbele ya macho yangu kama milimita 15, mwanga ukarudi. Chuma kina ukaidi, ukikiachia kinarudi kilikotoka, kwa hiyo lazima ukikunje kupita unapotaka ili kikirudi kikute unapotaka. Kupita kiasi gani? Hakuna kitabu pale. Anasikiliza. Nakwambia anasikiliza kweli, engo ngumu ikipita kwenye rola inalia tofauti na laini, na engo za leo na za wiki ijayo zinaweza kuwa za viwanda tofauti, moja inarudi sana nyingine inarudi kidogo.

Ikishakaa, anapiga mstari mmoja wa chaki ulionyooka kukatiza mizunguko yote mitatu, grenda inapita hapo, ringi tatu zinaanguka. Kila moja imekaa kama washa ya springi, ncha moja juu nyingine chini, kijana anaipiga rungu la mbao zinakutana, tone moja la kuchomelea, tone la pili, inageuzwa juu ya pleti nene, wanaangalia inacheza wapi, nyundo, inageuzwa tena. Matundu ya bolti wanatoboa mwisho kabisa, ringi mbili zinazotazamana zimebanwa pamoja, drili inapita zote mara moja. Ukitoboa kabla hujachomelea umeumia.

Mara ya tatu nilimpelekea mtihani. Mteja alitaka mdomo wa hopa (lile bakuli la kumiminia nafaka) uwe umbo la kiwanja cha mbio, pande mbili zimenyooka sentimita 30 na ncha mbili nusu duara za kipenyo cha 400. Kalibu ya hiyo kitu ingegharimu kuliko hopa. Mzee alitandaza fleti baa chini akaigawa kwa chaki, hapa nyoosha, hapa kunja, hapa nyoosha, hapa kunja, na maungio akayaweka katikati ya upande ulionyooka, siyo kwenye kona, maana hapo ncha zilizonyooka za rola ndo zinapotakiwa, hatupi kitu. Akiingia kwenye alama anapampu mara kadhaa anazihesabu kwa sauti, akitoka anaachia. Umbo la kwanza lilitoka kama yai, upande mmoja mnene. Akarudia yale yaliyozidi, pampu moja moja, mpaka likakaa. Ilichukua saa mbili na nusu kwa kitu kimoja. Hapo utaona na ubaya wa hii njia, inakubali umbo lolote ila inakula muda na inamtegemea mtu. Ukitaka mia tano za saizi moja usiende pale, nenda kwenye kiwanda chenye dai (kalibu ya kukandamizia) na presi.

Na ukitaka ringi ya kubeba mzigo wa kweli, za beringi au magurudumu ya treni, hiyo ni dunia nyingine. Huko hawakunji na kuunga, ringi haina kiungo kabisa. Wanachukua donge la chuma lenye moto mkali, wanalitoboa katikati, linavalishwa kwenye rola nyembamba ndani na rola kubwa nje, ukuta unabanwa unapungua unene, na kwa kuwa chuma hakiendi popote, duara lenyewe linapanuka. Umeshamwona mfinyanzi mkono mmoja ndani ya chungu mwingine nje, anabana huku mdomo unatanuka? Ndo hivyohivyo. Zile ringi tatu kwenye nembo ya Krupp ya Ujerumani watu wengi wanadhani ni mizinga, kumbe ni matairi ya chuma ya magurudumu ya treni, walianza kuyatengeneza bila kiungo miaka ya 1850. Nilimwonyesha mzee video ya hiyo mashine kwenye simu, akaiangalia mara tatu, akasema "hao wana moto, sisi tuna jeki".

Sasa lawama, maana zipo.

Ya kwanza muda. Akikwambia kesho saa nne weka kesho saa kumi, na akikwambia Jumamosi piga simu kwanza. Kuna siku umeme ulikatika saa sita, mi nikajua safari imeharibika, kumbe rola zake zina nafasi ya kuvalisha usukani wa zamani wa lori, vijana wawili wakawa wanazungusha kwa mkono huku wanaimba taarabu. Kazi ilitoka lakini nimefika nyumbani saa tatu usiku.

Ya pili, mzee akiwa hayupo kazi inashuka. Mara moja alikuwa msibani, kijana wake akanifanyia ringi nne, nikazibeba bila kupima kwa sababu ya haraka, nafika Kimara napima kwa tepu huku 580 huku 589. Milimita tisa! Nilirudisha, mzee hakubisha, alizipitisha tena akazirudisha duara bila kudai chochote, ila nauli ya bajaji kwenda na kurudi ilinitoka mimi. Siku hizi napima palepale mara tatu, kama herufi Y na siyo msalaba tu, na ringi naiweka juu ya pleti yao naigonga kwa kidole naisikiliza.

Ya tatu ndo iliyoniuma na nusu yake ni kosa langu. Nilipata kazi ya tanki la juisi, steinlesi (chuma kisichoshika kutu), nikampelekea fleti baa ya steinlesi anikunjie ringi mbili za mdomo. Kwanza ilirudi nyuma kuliko chuma cha kawaida, ikabidi aikunje kupita sana, sawa. Lakini rola zake kutwa nzima zinapitisha chuma cheusi chenye kutu, ule unga wa chuma ukagandamizwa kwenye steinlesi. Ikatoka inang'aa, mteja akafurahi, wiki tatu baadaye, na hii hewa yetu ya chumvi, ringi imeota madoa mekundu kama surua. Mteja anapiga kelele umeniuzia steinlesi feki. Siyo feki, ni kutu ya chuma kingine kilichobandikwa juu yake. Nikaisugua kwa dawa ya asidi ya kusafishia steinlesi ikatoka, ila aibu ilibaki. Kama una steinlesi mwambie asafishe rola kwanza kwa brashi na tambara, na uviringishe chuma chako kwa plastiki ile ngumu kabla hakijapita. Mzee mwenyewe alikuwa hajui, au alijua akanyamaza, hapo mpaka leo sijaelewa.

Bei kwangu mara ya mwisho ilikuwa elfu 12 kwa ringi ya engo ya 40 kwa chuma changu mwenyewe, imeunganishwa na kunyooshwa, matundu unalipia pembeni. Lile umbo la kiwanja cha mbio alinitoza elfu 35 na sikubisha maana saa mbili na nusu nilikuwa nimekaa naangalia. Risiti ya mashine hana, kama kazi yako ni ya tenda inayotaka risiti pale utakwama. Chai inauzwa mlango wa tatu, ya tangawizi, kali.

Kwa maksi nampa nane kwa kumi akiwepo, sita asipokuwepo. Nendeni na plaiwudi yenu mmeshaikata duara lenu kabisa, mzee anaheshimu sana mtu anayekuja na plaiwudi, anajua huyu atapima.

Mi narudi Jumatatu kama mvua itaachia, nina ringi nane za 450 na engo tatu nishanunua. Guta la kutoka pale mpaka Kimara ni ghali mtu mmoja, kama kuna mwenye mzigo njia ya Ubungo tuchange aniambie.